Mganga hajigangi: Bima kwa wahudumu wa zahanati

Katika zahanati binafsi mjini Bariadi, mhudumu wa mapokezi anaweza kushinda akikagua kadi za bima za wagonjwa ilhali yeye mwenyewe hana. Akiugua, mwajiri humtibu bure na kuona ametimiza wajibu. Lakini hisani hiyo huishia mlangoni. Akipewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, gharama ni zake, na hapo ndipo huja kishawishi cha kuazima kadi ya mwenzake, jambo ambalo ni udanganyifu.

Mchango wa NHIF ni asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa nusu. Kwa mshahara wa Sh200,000, mwajiri hutoa Sh6,000 kwa mwezi. Hesabu ni hiyo hiyo kwa mwenye ghala la pamba anayeajiri karani.