Neno Ndani ya Neno

Wasikilizaji wangu, tufanye kwamba shahidi amesimama barazani mbele ya wazee, naye asema, "Jana usiku nilimwona mbuzi katika shamba la mihogo." Mzee mmoja amwuliza, "Je, ulimwona mnyama?" Watu watacheka, kwa maana jibu limekwisha kutolewa. Mbuzi wote wamo katika jamii ya wanyama, kama zizi dogo lililo ndani ya zizi kubwa. Aliye katika lile dogo hakosi kuwa katika lile kubwa.

Sasa shahidi na aseme, "Sikumwona mbuzi." Je, yafuata kwamba hakumwona mnyama? Hata kidogo, yamkini alimwona ng'ombe. Lakini akisema, "Sikumwona mnyama yeyote," basi na mbuzi hakumwona. Kukanusha kumegeuza njia: kwanza tulitoka zizi dogo kwenda kubwa, na sasa twatoka kubwa kwenda dogo. Wanafunzi wangu hujikwaa hapa, nao si peke yao. Ikibainika kesho kwamba ng'ombe alikuwako shambani, mwamuzi asiyeangalia atamhesabu shahidi yule kuwa mwongo, kwa neno asilolitamka.

Neno "kila" lafuata njia zote mbili pamoja. Kama kila mnyama alikunywa maji, basi kila mbuzi alikunywa maji: njia yashuka. Tena kila mnyama alikunywa kitu: hapo yapanda.

Lakini mtaalamu wa mantiki akiandika herufi moja badala ya "mbuzi" na nyingine badala ya "mnyama", herufi hizo hazijui lolote juu ya mazizi. Mwaka 1952 Rudolf Carnap, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alitoa shauri kwamba uhusiano wa maana uandikwe wazi, uwe kanuni: kila kilicho mbuzi ni mnyama. Ndipo hesabu ya mantiki itakapoweza kuendelea.

Baada yake Richard Montague, mwalimu wa huko California aliyefariki mwaka 1971, alitumia kanuni za namna hiyo kwa vitendo pia, akapambanua kupata na kutafuta. Aliyempata jini, sharti jini huyo awepo. Bali ukisema kwamba jirani yako anatafuta jini, hujasema kwamba majini wapo, wala hujasema kwamba hawapo.