Fundi Amekuuzia Mali Yako

Fundi aliyenipigia Windows mwaka juzi alinitoza elfu ishirini. Ofisi yake ni meza moja nyuma ya duka la simu, Kariakoo, na kazi yenyewe ilikwisha kabla sijamaliza chai na chapati mbili. Nililipa bila kinyongo. Miezi michache baadaye, pembeni mwa kioo, chini kulia, yakajitokeza maandishi hafifu ya kijivu yakinitaka niiamilishe Windows.

Waulize watu mtaani kama wamewahi kulipia Windows, watakucheka. Ulipie kitu ambacho fundi anacho kwenye flashi? Kumbe wengi wao wamelipa, ila hawakuiona risiti. Watengenezaji wa laptopu kama HP, Dell na Lenovo hununua leseni kwa Microsoft na gharama yake huimezesha kwenye bei ya mashine. Enzi za XP na Windows 7 ungeiona kwa macho: stika chini ya laptopu yenye herufi na tarakimu 25, ikifutika taratibu kwa joto la mapaja. Tangu Windows 8 itoke mwaka 2012, namba hiyo imehamia ndani, kwenye mazabodi. Futa diski yote, yenyewe ipo.

Kwa hiyo hata laptopu ya mtumba mara nyingi huja na leseni yake tumboni. Ukiipiga toleo lilelile ililozaliwa nalo, Windows huisoma namba yenyewe na kujiamilisha ikishapata intaneti. Fundi wangu, lakini, alikuwa na flashi moja tu, ya toleo la Pro, na mashine yangu ni ya Home. Namba haikuoana na toleo, akaingiza kraki. Kraki za aina hiyo huidanganya kompyuta kwamba iko chini ya seva ya ofisi kubwa, ambayo huthibitisha leseni kwa siku 180 tu kila mara. Tena kabla ya kuiweka alizima antivirusi. Mimi nilikuwa nakunywa chai.

Wenye mali wenyewe hawajawahi kuwa na msimamo mmoja. Mwaka 1976 Bill Gates, akiwa na miaka 20, aliandika barua ya wazi akiwalaumu wapenzi wa kompyuta kwamba wengi wao wanaiba programu. Mwaka 1998, akizungumzia China, alisema maadamu wataiba, basi heri waibe za kwake. Hesabu yake naielewa: aliyezoea Windows nyumbani ataidai na kazini, na kazini kuna mhasibu. Apple wao waliacha kutoza mfumo wa Mac mwaka 2013. Faida yao iko kwenye mashine.

Kinachouma sasa ni kwamba leseni halali haitoshi. Tangu Oktoba 14, 2025, Windows 10 imeondolewa kwenye matengenezo ya kawaida, na Windows 11 inazikataa rasmi laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018. Mwenye mashine kama hiyo anaweza kuhamia Ubuntu, ambayo ni bure kihalali, ilimradi avumilie kuzoea upya.

Yangu ilipona. Nilirudi kwa fundi, nikamwomba aweke Home, ikajiamilisha mbele yetu. Akaitazama kwa muda, akaiongeza Home kwenye flashi yake, kisha akanitoza elfu kumi, bei ya mteja wa zamani.