Fahamu: Je, mbakaji akilipa mbuzi, kesi imeisha?

Hapana. Katika mitaa ya Bunia kama Lumumba, na zaidi vijijini Ituri, bado kuna familia zinazopatana mbele ya wazee au chifu: mbuzi au pesa zinatolewa, pengine msichana anaozwa kwa huyohuyo aliyemtendea. Patano hilo halifuti kosa la jinai.

Sheria inasemaje?

Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006 inatambua mamlaka ya kimila. Kifungu cha 153 kinaruhusu mahakama kutumia mila, mradi isipingane na utulivu wa umma wala maadili mema. Lakini sheria namba 06/018 ya Julai 20, 2006 inaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, na mzazi anayemwoza mtoto kwa nguvu naye ana kosa.

Mbona watu bado huenda kwa chifu?

Yuko karibu; mahakama ni gharama. Hilo linaeleweka. Tatizo ni kwamba fidia huishia kwa baba na wajomba, na aliyeumizwa haulizwi.

Aende wapi?

Hospitali kwanza, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Bunia kuna kituo cha Karibuni Wa Mama cha shirika la SOFEPADI.