Stika za kiwandani: kwa nini zihifadhiwe kabla ya gari kupakwa rangi

Gari la spoti la Kijapani linapopelekwa gereji wilayani Rusizi kupakwa rangi upya, stika ndizo hutangulia kubanduliwa. Nyingi huishia kwenye taka, na pamoja nazo hupotea maelezo ambayo mwenye gari atayahitaji baadaye kwa usalama wake au siku ya kuliuza.

Stika hizo ni za aina mbili. Kuna za mapambo, kama mistari ya ubavuni na majina ya toleo. Kuna pia za maelezo. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva huonyeshwa kiasi cha upepo wa tairi za mbele na za nyuma. Katika magari yenye usukani wa kulia, yanayoonekana kwa wingi ng'ambo ya mto, mjini Bukavu, stika hiyo hutafutwa upande wa kulia. Kipimo chake huwa kilopaskali: 230 ni sawa na baa 2.3.

Stika iliyo karibu na kifuniko cha tangi hutaja aina ya petroli. Magari mengi ya spoti huandikiwa petroli bora ya Japani, yenye oktani isiyopungua 96, wakati petroli ya kawaida ya huko huanzia 89. Asiyejua hilo anaweza kutumia petroli hafifu, injini ikaanza kugonga na hatimaye kuharibika.

Joto ndilo adui mkubwa wa stika. Katika bonde la Bugarama, miongoni mwa sehemu zenye joto zaidi nchini Rwanda, jua hufifisha rangi na kukausha gundi hadi stika ipasuke.

Kazi ya kuzirejesha huanza kabla ya kubandua. Kila stika hupigwa picha ikiwa na rula pembeni, na umbali wake kutoka ukingo wa mlango au boneti huandikwa. Kisha hupashwa moto polepole kwa kikaushia nywele na kuinuliwa kwa kipande cha plastiki. Wembe hukwaruza rangi. Gundi iliyobaki hufutwa kwa spiriti, baada ya kuijaribu mahali pasipoonekana. Pale ambapo stika imekwishatoka, rangi iliyokuwa chini yake huwa haijafifia sana, na kivuli hicho huonyesha umbo na mahali pake.

Mchoro huundwa upya kwenye kompyuta kwa vipimo halisi, kisha huchapwa kwenye plastiki ya kubandika inayostahimili jua na kufunikwa kwa utando wa kinga. Ya ndani ya boneti huhitaji plastiki inayostahimili joto la injini. Wakati wa kubandika, maji yenye sabuni kidogo husaidia kuisogeza stika mpaka ikae sawa.

Si kila stika maarufu ilitoka kiwandani. Namba 555, iliyojulikana kwenye Subaru Impreza za mbio, ilikuwa jina la sigara iliyofadhili timu. Haikubandikwa kwenye kila Impreza iliyouzwa. Kwa upande mwingine, gari la mbio lina historia yake. Datsun 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971. Mwaka 2013, wafanyakazi wa Nissan waliojitolea walilikarabati gari hilo nchini Japani.

Upo mpaka usiopaswa kuvukwa. Kibati chenye namba ya chesisi si pambo. Kukichapa upya au kukihamishia gari jingine ni kughushi utambulisho wa gari. Kikiharibika, suala hilo hupelekwa kwa mamlaka husika. Stika nyingine zikirejeshwa, ni uungwana kumwambia mnunuzi kwamba ni nakala, na kumkabidhi picha za zile za awali.