Aliacha Uwaziri, Akarudi Kuishtaki Serikali

Ndugu wafanyakazi, mara nyingi sisi hudhani kwamba mtu akipata uwaziri amefika, na akiutoka amekwisha. Habari za mama mmoja wa Ufaransa zinatufundisha vingine.

Cécile Duflot aliongoza chama cha Kijani, yaani chama cha siasa kinachotetea mazingira. Mwezi Mei 2012 akawa Waziri wa Nyumba. Alisimamia sheria ya Machi 2014 iliyoweka kikomo cha kodi katika miji yenye uhaba wa nyumba. Sisi tunaokaa vyumba vya kupanga twajua maana yake: mshahara ukiongezwa leo, kesho mwenye nyumba anabisha hodi.

Siku chache baadaye Waziri Mkuu akabadilishwa. Duflot alikataa kuingia katika serikali mpya ya Manuel Valls, akatoka. Mwezi Agosti mwaka huohuo Valls akatangaza kwamba kikomo kile kitajaribiwa Paris tu. Sheria ikabaki nusu.

Mwaka 2017 Duflot alishindwa ubunge. Juni 2018 akawa mkurugenzi wa Oxfam Ufaransa, shirika la hisani linalopiga vita umaskini. Wakati huo Oxfam ya kimataifa iliongozwa na Winnie Byanyima, aliyekuwa mbunge hapa Uganda.

Desemba 2018 Oxfam Ufaransa na mashirika mengine matatu yalianza safari ya kuishtaki Serikali kwa kuzembea kupunguza gesi zinazoharibu hali ya hewa. Watu zaidi ya milioni 2 walitia sahihi. Tarehe 3 Februari 2021 mahakama ya Paris ikasema Serikali ina kosa, na Oktoba ikaiamuru irekebishe kabla ya mwisho wa 2022.

Tuseme kweli: mkurugenzi wa shirika la hisani huajiriwa. Maskini anaowasemea hawampigii kura. Sisi katibu asiyefaa tunamwondoa mkutanoni. Kwa hiyo tusingoje watu wa hisani watusemee.

Lakini somo tulichukue. Sheria nzuri inayotegemea mtu mmoja hupunguzwa siku mtu huyo akiondoka. Mkataba wetu wa kazi nao ni hivyo hivyo. Katibu anaweza kuhamishwa, mbunge anaweza kushindwa. Wanachama ndio wanaobaki kiwandani na shambani. Basi kila tawi lijiulize wiki hii: mkataba wetu uko wapi, na ni wangapi kati yetu wameusoma?