KAZI YA PAMOJA YATAKA MPANGO: MAFUNZO KUTOKA KWA WAKULIMA WA CHAI

Mara nyingi chama cha ushirika huanzishwa kwa furaha kubwa. Watu hukutana katika jumba la shule, huchagua mwenyekiti, karani na mtunza fedha, na kila mmoja hutoa kiingilio chake. Baada ya mwaka mmoja au miwili mikutano hupungua watu, daftari halionekani, na minong'ono huanza. Wanachama husema kwamba viongozi wamekula fedha. Viongozi nao husema kwamba wanachama hawataki kazi. Pengine pande zote mbili zimekosea, na kilichokosekana ni mpango mwema wa kazi.

Mpango mwema si jambo la ofisi kubwa za mjini tu. Wakulima wadogo wa chai wa Kenya wametuonyesha hivyo, na habari zao zafaa kuangaliwa na kila mtu aliye katika chama cha maziwa, cha kahawa, cha akiba, au hata katika duka la watu watatu.

Kabla ya miaka ya 1950 karibu chai yote ya Kenya ilitoka katika mashamba makubwa ya walowezi na ya makampuni. Wengi walidhani kwamba mkulima mwenye ekari moja hawezi kutoa chai njema. Sababu yao haikuwa ya kipuuzi. Majani ya chai si kama mahindi, ambayo yaweza kukaa ghalani miezi mingi. Yakisha kuchumwa yapasa kufika kiwandani siku ile ile. Yakishindiliwa katika gunia hupata joto, hubadilika rangi, na chai yake huwa duni. Tena, kilo moja ya chai kavu yataka kilo nne na zaidi za majani mabichi. Basi maelfu ya watu, kila mmoja na kikapu chake, wangewezaje kufanya kazi kama mkono mmoja?

Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilifunguliwa Ragati, katika wilaya ya Nyeri, mwaka 1957. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya kusimamia mazao ya namna hiyo, na mwaka 1964 ikafuatwa na mamlaka maalum ya chai, ambayo wengi huijua kwa herufi zake, KTDA. Mwaka 2000 mamlaka hiyo iligeuzwa kuwa kampuni, na wakulima ndio wenye hisa katika kampuni za viwanda. Leo wakulima hao wamepita 600,000, na viwanda vyao vimepita 60. Je, ni mambo gani yaliyowawezesha?

La kwanza, kila mtu alijua kazi yake na mwisho wa kazi yake. Mkulima achume majani mawili na chipukizi, na kuyafikisha kituoni kwa saa iliyowekwa. Karani wa kituo ayakague na kuyapima. Dereva ayafikishe kiwandani bila kuyashindilia. Kiwanda kiyapokee na kuyatengeneza. Ikitokea hasara, hakuna haja ya kulaumu watu wote. Yaweza kujulikana ni mahali gani kazi ilipokatika. Katika vyama vingi jambo hili halipo. Kazi ikiwa ya wote bila kugawanywa, huwa si ya mtu.

La pili, kazi hukaguliwa pale pale inapofanyika, na mbele ya mwenyewe. Mkulima humwaga majani yake juu ya meza kituoni, na yaliyokomaa mno au yaliyoharibika huondolewa naye akitazama. Haambiwi mwezi ujao kwamba majani yake yalikuwa mabaya. Aambiwa leo, ili kesho achume vizuri zaidi. Msimamizi wa kazi yoyote aweza kufuata desturi hii. Kosa lililoonyeshwa siku ile ile ni funzo, lakini kosa lililowekwa akiba hadi mwisho wa mwaka huwa ugomvi.

La tatu, hesabu huandikwa, na mwenye mali hupewa nakala. Majani yakisha kupimwa, mkulima hupata stakabadhi yenye idadi ya kilo zake. Hupata malipo ya kwanza kila mwezi, na baada ya mwaka hupata malipo ya pili, yaitwayo bonasi, kwa kadiri chai ya kiwanda chake ilivyouzwa. Kwa hivyo aona kwa macho yake kwamba chai njema yaleta fedha nyingi zaidi. Hata hivyo, watu walinung'unika kwa muda mrefu juu ya mizani, na baadaye mizani ya elektroniki ikaletwa vituoni. Hapa pana jambo la kukumbuka: badala ya kuwahubiria watu wawe na imani, ni afadhali kuondoa sababu ya shaka.

La nne, mabadiliko yalifanywa kwa hatua. Hapo mwanzo viwanda vingi vilisimamiwa kwa mkataba na makampuni yenye ujuzi wa chai, huku watu wa nchi wakijifunza kazi. Baadaye usimamizi ukachukuliwa na mamlaka yenyewe. Kuajiri mwenye ujuzi si aibu, mradi iwekwe nia ya kujifunza kwake. Chama kinachotaka kubadili kila kitu katika mwezi mmoja mara nyingi hakibadilishi kitu.

La tano, wakulima walipewa sauti. Tangu zamani walichagua wajumbe wa halmashauri za chai, na siku hizi huchagua wakurugenzi wa viwanda vyao. Lakini tusifiche ukweli: sauti ikififia, hata shirika kubwa hutikisika. Wakulima wengi wamelalamika juu ya gharama za usimamizi, na juu ya bonasi kuwa kubwa mahali pamoja na ndogo mahali pengine. Malalamiko ya namna hiyo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta Sheria ya Chai ya mwaka 2020. Basi mpango mwema haujengwi mara moja ukaachwa. Hutunzwa kama nyumba ya udongo, ambayo baada ya kila masika hukandikwa tena.

Ndugu msomaji, huenda chama chako hakina kiwanda wala mizani ya elektroniki. Mambo matatu yaweza kufanywa katika mkutano ujao bila gharama. Andikeni katika karatasi moja jina la kila mwenye kazi, kazi yake, na siku ya kuimaliza. Kisha ibandikeni mahali ambapo wote wataiona. Someni hesabu kwa sauti, fedha zilizoingia na zilizotoka, na kila mtu aruhusiwe kuuliza pasipo kuitwa mchochezi. Mwisho, chagueni kasoro moja tu, kama vile gari la maziwa linalochelewa, na muitengeneze kwa muda wa miezi mitatu kabla ya kugusa nyingine.

Kiongozi asiogope maswali ya wanachama, maana anayeuliza bado yumo chamani. Aliyenyamaza huenda amekwisha kuondoka moyoni. Na mwanachama naye asingoje hadi mambo yaharibike ndipo aombe kuona daftari. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.