Usemi na Maandishi katika Ubongo Ulioumia: Ushahidi wa Afasia

Wanaisimu wengi, akiwemo Leonard Bloomfield, waliyachukulia maandishi kuwa njia tu ya kuuwakilisha usemi. Mtazamo huo ukihamishiwa katika ubongo, tungetarajia kwamba mwandishi hulitamka neno kimoyomoyo kwanza, ndipo aligeuze kuwa herufi. Makala haya yanadai kwamba ushahidi wa afasia, yaani upungufu wa lugha utokanao na kuumia kwa ubongo, haukubaliani na matarajio hayo.

Mwaka 1991 Alfonso Caramazza na Argye Hillis waliwaeleza wagonjwa wawili, wasemaji wa Kiingereza, walioumia upande wa kushoto wa ubongo. Mmoja alitatizwa na vitenzi katika kusema, si katika kuandika. Mwenzake alitatizwa navyo katika kuandika, si katika kusema. Watafiti waliwapima pia kwa maneno ambayo umbo lake ni lile lile yawapo nomino au kitenzi, mfano wa *kaa* (mnyama wa baharini) na *kaa* (keti) katika Kiswahili. Tatizo lilijitokeza neno lilipotumika kama kitenzi. Kwa hiyo kasoro haikuwa ya ulimi wala ya mkono, bali ya kategoria ya kisarufi ndani ya njia moja ya mawasiliano.

Mwaka 2015 Brenda Rapp na wenzake waliendeleza hoja hii katika kiwango cha mofimu. Miongoni mwa wagonjwa watano, wanne walikosea viambishi walipoandika ilhali walivitamka vyema. Wa tano alikuwa kinyume chao.

Matokeo haya hayamaanishi kwamba usemi na maandishi havina uhusiano, kwani wagonjwa wengi huathirika katika yote mawili. Yanachothibitisha ni kwamba maandishi, ingawa hujifunzwa baada ya usemi, yanaweza kujitegemea.

Kwa mtaalamu wa Kiswahili, swali liko wazi. Katika kitenzi kama *alinipikia*, chenye mofimu sita (*a-li-ni-pik-i-a*), ni mofimu zipi zitakazopotea katika usemi na kubaki katika maandishi? Swali hili si la nadharia tupu. Mgonjwa aliyenyamaza asihukumiwe kuwa amepoteza lugha kabla hajapewa kalamu. Wala aliyeshindwa kuandika asihukumiwe kabla hajasikilizwa.